Sikuonja Chakula cha Mama Yako

Goreti,

Salamu sikuandikii. Tumeonana leo, tumekula pamoja, nimekuona uko mzima.

Umeenda kusukwa kwa jirani. Nimechukua daftari lako la zamani, kurasa za nyuma hazina kitu. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kule Tanzania mpaka darasa la nne. Kirundi nakisema, kukiandika kunanishinda. Ukikuta makosa, pita.

Jana uliniomba kitu. Ulisema, "Baba, siku ya kwanza nikifungua mgahawa kule Gasorwe, uje ukae mbele, watu wakuone unakula." Nikakujibu, "Tutaona." Ukaendelea kufua. Nilikuona umeumia. Labda ulidhani sitaki safari ya huko Muyinga, au sipatani na shangazi yako utakayekaa naye. Siyo hiyo.

Mambo ya kuamka mapema, kusali, kumheshimu shangazi, sikuambii. Hayo unayajua kunishinda. Wanaume pia unawajua, umeishi na mi. Nina kitu kimoja tu. Nikikisema kwa mdomo nitakasirika, nitatoka nje, hutakipata. Ndiyo maana nakiandika.

We unakwenda kupika chakula cha mama yako. Bila nyama, bila ndagala, yaani dagaa, bila mafuta. Maharage na ndizi mbivu. Muhogo na avoka, lile tunda ambalo kule Tanzania tuliliita parachichi. Sombe na kinyomoro. Umesema utawapikia watu wa soko na watu wa kibarua, kwa sababu wakati wa mama yako wenzangu wa matofali walikuwa wanakipenda, walikuwa wanamaliza kila siku. Hivyo ndivyo unavyojua. Mi ndiye niliyesema hivyo.

Haikuwa kweli. Hawakukila hata siku moja. Na kosa si la chakula, wala si lao. Ni langu.

Sasa nieleze vizuri.

Tuliporudi Burundi we ulikuwa bado mgongoni. Mama yako alizaliwa kule Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi. Alichojua ni kupika vya kule. Kule walikuwa wanagawiwa unga, maharage na mafuta. Mafuta yanaisha kabla ya siku ya kugawa. Yakiisha, bibi yako alikuwa anaponda avoka ndani ya maharage, inayeyuka, maharage yanateleza kama yana mafuta. Chumvi nayo ikiisha, anaweka ndizi mbivu na pilipili. Maharage bila chumvi hayashuki. Lakini yakiwa na kitu kitamu na kitu kinachochoma, yanashuka. Ilianza kama shida. Baadaye wakazoea, halafu wakapenda. Hata chumvi ikiwepo, ndizi inaingia.

Huku Nyarusange watu wanakula maharage na ndizi, lakini ndizi mbichi, ya kupika. Ndizi mbivu ni ya kutengeneza pombe au ya kunyamazisha mtoto. Mwanaume hali kitu kitamu na chumvi pamoja. Hakuna aliyeandika hiyo sheria, lakini iko.

Nyumbani mi nilikula. Nilikuwa napenda. Hiyo uijue mapema. Sikuwa mtu ambaye hajui utamu wake.

Kazi yangu unaijua. Kiangazi tunashuka bondeni, tunachimba udongo, tunaukanyaga, tunafyatua, tunaanika, tunachoma. Wakati ule tulikuwa watu saba na kapita anayetusimamia. Saa sita tunanawa, tunakaa. Kila mtu anafungua alichopewa nyumbani, anamwaga kwenye majani ya mgomba, tunakula pamoja. Hakuna anayekula chake peke yake. Anayekula peke yake anaficha kitu. Na aliyeleta anaonja kwanza. Hiyo unaijua tangu mtoto. Hata pombe ya mtama, mwenye nyumba anavuta mrija kwanza, halafu mgeni. Maana yake hakuna sumu. Neno lenyewe halitajwi. Unaonja tu, na wengine wanaingiza mikono.

Siku ya kwanza mama yako alinifungia maharage na ndizi mbivu. Ndizi imekatwa vipande vya duara, imeshika rangi ya mchuzi. Juu avoka, pilipili, na limau kidogo. Nikafungua. Leonidas akachungulia. Huyu unamjua, yule wa mguu mbovu. Wakati ule mguu ulikuwa mzima, na mdomo pia.

"Ewe Mtanzania, hii ni nini?"

"Maharage."

"Nauliza hii ya njano."

"Ndizi."

"Ndizi mbivu? Ndani ya maharage?" Akawageukia wengine. "Jamani, huyu mke wake bado anamnyonyesha. Na hii ya kijani, iko kama kitu mtoto ametoa nyuma."

Walicheka. Kapita naye akacheka. Mmoja akaniuliza kama nina meno.

Nilipaswa kufanya kitu kimoja. Kuingiza mkono, kula, na kusema haya, onjeni. Wangekula. Mtu aliyekanyaga udongo tangu alfajiri anakula chochote saa sita. Sikufanya. Nilisukuma lile jani pembeni na kidole. Nikala muhogo wa Leonidas.

Wakaacha kucheka. Hapo sikuelewa. Nilidhani wamechoka. Kumbe waliona mtu ameleta chakula cha mke wake, hakukionja, amekisukuma. Kapita aliniangalia mi, akaangalia chakula, akasema, "Ego." Ndiyo ya Kirundi, hiyo tu. Akamega muhogo.

Kabla ya kurudi nyumbani nilikimwaga kwenye shimo la udongo, nikakikanyaga na miguu. Kuna matofali hapa kijijini yana maharage ya mama yako ndani. Sijui ni nyumba gani.

Alikuwa mlangoni, na we mgongoni.

"Wamekula?"

"Wamemaliza."

"Hata ndizi?"

"Ndizi ndiyo wameanza nayo."

Sijui kwa nini niliongeza hiyo. Ilitoka tu. Alicheka, akachukua bakuli, akaliangalia ndani.

Kesho yake akaongeza. Akaanza kufikiria. Kila jioni ananiuliza wamesema nini, na mi natunga. Nilisema Leonidas anapenda kitu chachu, akatia kinyomoro ndani ya sombe. Lile tunda jekundu watoto wanakula mtini, alilimenya, akalichemsha pamoja na majani ya muhogo na karanga za kusaga. Uchachu unakata ule uzito wa karanga. Nilisema kapita hapendi pilipili, akamtengea upande usio na pilipili, amefunga na jani tofauti. Akachukua viazi vitamu vya jana, vya baridi, akavipaka karanga zilizosagwa na pilipili na chumvi, kama mkate. Hivyo nilikula viwili njiani nikiwa peke yangu, vingine nikatupa. Nilikuwa napita njia ya juu ili nisikutane na watu.

Kazini nilikuwa nasema sikuletewa kitu, mara mke anaumwa, mara amekwenda shamba. Walinipa vyao.

Ilikwenda hivyo kiangazi baada ya kiangazi.

We ndiye uliyeniambia jambo jingine. Ulikuwa umeanza kusema vizuri. Tumekaa tunakula usiku, nikauliza mbona mama hali. Ukasema, "Mama anasema ameshiba harufu." Ulidhani ni mchezo. Mama yako akakuambia nyamaza. Hapo nikajua alikuwa anatoa kwenye sehemu yake ili bakuli la wenzangu lijae.

Ungedhani siku ile niliacha. Sikuacha. Nikiacha lazima nieleze kwa nini. Nilimwambia apunguze, wenzangu siku hizi wanashiba haraka. Akapunguza kidogo.

Sasa wanawake. Wanaume wanasema nyumbani, we unajua. Kapita alimwambia mke wake, Leonidas akamwambia wa kwake. Hawakusema mama yako ni mchawi. Hakuna aliyesema hivyo. Walisema tu, chakula cha yule mwanamke, mume wake mwenyewe haonji. Inatosha. Kwenye harusi walimpa kazi ya kuchota maji na kumenya ndizi. Mwiko hakupewa. Aliyezaa, mama yako anampelekea chakula, wanapokea vizuri, wanashukuru na mikono miwili, akigeuka wanamwagia nguruwe.

Siku moja alirudi na kikapu.

"Baba Goreti, hawa watu wananiogopa?"

"Nani?"

"Mke wa Leonidas. Nimempelekea mboga ya lengalenga, amepokea. Leo amenirudishia kikapu kitupu. Hata kiazi kimoja hakuweka."

Unajua kikapu hakirudi kitupu. Hata ukiwa huna kitu unaweka majani.

Akasema, "Wanaume wao wanamaliza chakula changu kila siku. Wao wananirudishia kikapu kitupu. Inakuwaje?"

Nikasema, "Sisi ni watu wa Tanzania. Wanatuonea."

Aliniamini. Toka hapo kila kitu kibaya kilikuwa kwa sababu ya Tanzania. Asipoitwa, Tanzania. Asiposalimiwa sokoni, Tanzania. Ulipopeleka muhogo na avoka shuleni watoto wakakataa, ukarudi unalia, nilikuambia neno hilohilo. Umekua nalo. Bado unalisema. Wiki iliyopita ulilisema tena hapa, kwamba unakwenda Gasorwe kwa sababu huku hawatutaki. Walituonea, ndiyo, watu wengine, kwa mambo mengine. Lakini hili la chakula halikuwa la Tanzania. Lilikuwa la baba yako.

Halafu akaugua. Kifua. Daktari alitaja jina la ugonjwa, hakutaja njaa. Mi sijui. Nimelifikiria mpaka limekuwa kama jiwe la nyumbani, unalipita tu.

Pale hospitali mgonjwa anapikiwa na watu wake. Nje kuna mafiga, kila familia na sufuria yake. We nilikuacha kwa jirani. Alitaka maharage na ndizi mbivu. Sikuwa nimewahi kupika. Nilitia ndizi mwanzoni, pamoja na maharage. Ikayeyuka yote, ikawa kitu kimoja kizito.

Akaangalia. "Umepika uji."

"Nimefanya ulivyokuwa unafanya."

"Ulikuwa hunioni. Ndizi unaweka mwisho, ukishaepua. Joto la maharage yenyewe linatosha. Na isiwe imeiva sana, iwe na madoa machache tu."

Alikula vijiko viwili. Mwanamke wa kitanda cha pili akauliza mnakula nini, inanukia. Mama yako akamwambia, "Maharage na ndizi mbivu. Mume wangu anapenda sana, na wenzake wa kazi. Wanamaliza kila siku." Yule mama akaomba. Mama yako akachukua kijiko, akaonja mbele yake, akampa. Yule akala, akasema iko nzuri, akaomba tena.

Nilitaka kusema pale. Mdomo ulikuwa tayari. Nikachukua sufuria nikaenda kuiosha. Niliiosha muda mrefu. Niliporudi alikuwa amelala. Siku ya tatu akafa.

Sijui kama alijua. Nimejiuliza. Mwanamke mwenye akili kama ile, viangazi vyote vile, huenda alijua. Huenda alikuwa anasubiri niseme.

Siku ya kumaliza kilio unaikumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Watu walikuja kwa sababu lazima waje. Pombe walileta wao, wakanywa. We ulipika bila kumwuliza mtu. Uliweka sufuria katikati, maharage na ndizi mbivu, na avoka juu kama alivyokuwa anafanya. Ukasimama na mwiko.

Hakuna aliyesogea. We ulidhani wana huzuni. Hawakuwa wanakuangalia we. Walikuwa wananiangalia mi. Wote. Kapita alikuwa kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Mke wa Leonidas alikuwa ameshika mtoto wake asisogee.

Nikainuka, nikaingiza mkono, nikala. Yalikuwa ya moto. Nikala tena. Sikusikia ladha. Nilisikia moto tu.

Leonidas akaja akakaa karibu yangu chini. Akaingiza mkono. Akatafuna polepole.

"Kumbe hii ndiyo ilikuwa."

"Ndiyo."

"Miaka yote ile."

"Ndiyo."

Akala tena. Halafu kapita, halafu wengine, halafu yule mwanamke akamwachia mtoto. We ulikuwa unakimbia kuleta, unakwangua chini. Jioni uliniambia, "Baba, wamemaliza kama walivyokuwa wanamaliza kazini." Nikasema ego.

Hiyo ndiyo siku unayoibeba kwenda nayo Gasorwe. Najua. Ndiyo siku ulipoanza kusema utapikia watu. Siku yenyewe ilikuwa ya kweli, chakula kilikuwa kizuri, watu walimaliza kweli. Lakini uijue ilivyokuwa. Ilichukua tonge moja la mkono wangu. Mama yako angelipata wakati ule bondeni, angepewa mwiko kwenye harusi.

Leonidas aliniuliza baadaye, tunaanika matofali. "Siku ile ya kwanza, kwa nini hukuonja?"

"Mlinicheka."

"Tunamcheka kila mtu. Mi walinicheka kwa sababu ya viatu vya dada yangu nilivyovaa. Ulidhani tungekucheka mpaka lini?"

"Sijui."

"Mpaka saa saba. Saa saba kazi inaanza."

Alisema hivyo akaokota tofali. Mi bado nalifikiria. Kicheko cha saa nzima tu. Nilikikimbia, nikamwachia mama yako kitu cha miaka.

Watakucheka. Kule Gasorwe pia ndizi mbivu ni ya pombe. Watakuita majina. Watasema nyama iko wapi, ndagala iko wapi. We kaa hapohapo, chukua kijiko, kula mbele yao. Usijieleze. Usiseme ni chakula cha wakimbizi ili wakuonee huruma. Usiseme pia ni cha afya, kama wale wa mjini Gitega ambao siku hizi hawali nyama kwa kupenda. Sisi hatukula kwa kuikosa. Kwenye sahani inafanana.

Tangu siku ya kilio nimekuwa nabeba chakula kazini na ninaonja. Unanifungia we, lakini vingine nimejaribu mwenyewe ulipokuwa shuleni. Hukujua. Lengalenga na nanasi, iko nzuri. Nanasi likatwe dogo, liingie majani yakishalegea, na karanga chache zilizokaangwa bila mafuta. Watu wa kazi wanapenda kwa sababu inaamsha mdomo. Ugali wa muhogo na avoka iliyopondwa na kitunguu kibichi na limau, hiyo wanagombania. Uji wa mtama na karanga na ndizi, huo ni wa asubuhi ya baridi, unamshika mtu mpaka saa sita. Avoka na nanasi pamoja, hapana. Nilijaribu. Leonidas alionja akaniuliza nimemkosea nani. Embe bichi ndani ya maharage, nusu ya watu ndiyo, nusu hapana. Bado sijajua.

Angalia sahani zikirudi. Usimwulize mtu kama amependa, atakuambia ndiyo. Mi nilisema ndiyo viangazi vyote vile. Nenda uone mwenyewe kimebaki nini na kimekwenda wapi. Mama yako hakushuka bondeni hata siku moja. Alikuwa anasikia kwangu.

Kuna sababu nyingine naandika leo na si mwakani. Mdogo wa mke wa Leonidas ameolewa Gasorwe. Anakuja soko lile. Alikuwa hapa msichana wakati huo, alisikia yote. Siku ya kilio hakuwepo. Atakujua uso, unafanana na mama yako. Anaweza kusema mbele ya watu, chakula cha nyumba ile hata mwenye nyumba haonji. Ukisikia, usikimbilie kusema ni kwa sababu ya Tanzania. Utamfanya adui bure, na atakuwa amesema kweli. Sema, baba yangu aliona haya. Ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa na sababu nyingine kubwa. Niliona haya kwa wanaume saba waliopakwa udongo mpaka magotini.

Sikuombi msamaha kwa niaba ya mama yako. Hiyo si yako kutoa. Wala sikwambii haya ili moyo wangu upoe. Haupoi. Nimekaa hapa naandika na sisikii kitu kikubwa, mkono tu unauma. Nilipaswa kulia mahali fulani, sikulia, nimezoea. Nakuambia kwa sababu unakwenda kusimama mbele ya watu na sufuria, na huwezi kusimama juu ya neno langu la uongo.

Sasa lile uliloniomba.

Ulitaka mtu akae mbele, watu wamwone anakula, wapate kuamini. Ukanichagua mi kwa sababu unadhani nilifanya hivyo kwa mama yako. Nilifanya akiwa amekufa. Nilipojibu "tutaona", nilikuwa nataka kwenda. Nilitaka kusema ndiyo palepale. Lakini ningekuja kukaa kwenye hicho kiti kama mwizi, unanitambulisha kwa watu, huyu ndiye baba yangu, alikuwa anakipenda, wenzake walikuwa wanamaliza. Siwezi kukaa nikisikia hiyo.

Sasa unajua. Niombe tena, au usiniombe. Ukiniomba nitakuja, hata kama magari hayana mafuta nitatembea siku mbili, njia naijua. Nitakaa utakaponikalisha na nitakula utakachonipa. Usiponiomba, mwambie shangazi yako aonje. Meno yake mabovu, lakini uso wake watu wanauamini. Hutakuwa umenikosea.

Barua naiweka kwenye begi lako, juu ya nguo, utaikuta jioni ukipanga. Kesho nitabeba mzigo wako mpaka barabarani. Huna haja ya kuniongelesha njiani. Jibu usinipe kesho, kesho utanionea huruma. Fika, pika siku chache, uone watu wanavyokula na wanavyokucheka. Halafu umpigie Leonidas, ataniletea simu.

Nikisikia ndiyo, nakuja. Nikisikia hapana, nitasema ego, na nitarudi kazini.

Ni mi, baba yako.